Kipa mdogo amefungwa mabao sita: nimtoe au nimwache?

Mwalimu mmoja anayejitolea kufundisha timu ya vijana wasiozidi miaka 15 huko Kisauni ameniletea swali ambalo ninalifupisha hapa: “Nina makipa wawili. Wa kwanza ana miaka 13, ni mfupi na mtulivu, na anajua kusimama, lakini mechi iliyopita alifungwa mabao sita na wazazi wakapiga kelele atolewe. Wa pili ana miaka 15, ni mrefu, na anachupa mpaka uwanja mzima unashangilia. Ligi ya mtaa inaanza baada ya wiki tatu, na yule mdogo mwenyewe ameniomba nimhamishe awe winga. Nimweke nani langoni, na nitajuaje kwamba sijakosea?”

Mwalimu wangu, salamu nyingi. Nianze na sehemu ya mwisho ya swali lako, kwa kuwa ndiyo ngumu. Hutajua kwa mechi moja, wala kwa ligi moja. Mtu akikuambia kwamba amemtazama kipa wa miaka 13 mchana mmoja na sasa anajua atakuwa nani akifika miaka 23, msikilize kwa heshima lakini usimtegemee. Nimewafundisha makipa wa umri huo kwa miaka mingi hapa Mombasa, na bado kila msimu huwa najikuta nimemkosea mmoja.

Ugumu wenyewe unaanzia kwenye kazi ya kipa. Kiungo wako hugusa mpira mara nyingi sana katika mechi moja, kwa hiyo hata siku yake ikiwa mbaya utaona mengi ya kumpima. Kipa huenda akapigiwa mashuti manne tu yaliyolenga lango, moja likiwa jepesi, moja lisilodakika na yeyote, na mawili tu yakawa ya kumpima kweli. Baada ya mechi kumi umeona mashuti kama 40. Sasa chukua sarafu ya shilingi kumi, irushe mara 40, uhesabu ni mara ngapi imeanguka upande wa simba ukiwa juu, kisha kesho urudie. Leo ukipata 17 na kesho 23 usishangae, maana sarafu ni ileile na mkono ni uleule. Kwa hiyo makipa wawili wakitofautiana kwa mabao manne au matano katika mashuti 40, tofauti hiyo peke yake haikuambii kitu cha kuaminika, na hapo bado hatujazungumzia mabeki waliokuwa mbele ya kila mmoja.

Turudi kwenye mabao yale sita. Kabla hujafanya uamuzi wowote, keti na msaidizi wako, mkumbuke kila bao peke yake, na kwa kila bao ulizeni jambo moja: mtoto alikuwa wapi, na miguu yake ilikuwaje, kabla mpira haujapigwa? Shuti la kilomita 80 kwa saa linalopigwa kutoka mita 16 hufika langoni kwa takriban sekunde 0.7. Katika muda huo kipa hana nafasi ya kufikiri, kusogea, kisha kuchupa. Karibu kila kitu kilichoweza kufanywa kilipaswa kuwa kimefanywa tayari: awe amesogea kwenye mstari unaotoka kwenye mpira kuelekea katikati ya lango, awe amesimama imara miguu yote miwili ikiwa chini wakati mguu wa mshambuliaji unapogusa mpira, na mikono iwe mbele ya mwili wala si ubavuni. Ukikuta katika mabao manne kati ya sita mtoto alikuwa mahali pake, ametulia, kisha mpira ukampita juu au mbali na mikono, basi huyo hakucheza vibaya. Amefungwa tu, na kufungwa na kucheza vibaya ni vitu viwili.

Tena tazama ukubwa wa lango. Lango kamili lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Mtoto wa sentimita 150 akinyoosha mikono juu bila kuruka hufika kama mita 1.95, kwa hiyo karibu nusu mita inabaki kati ya vidole vyake na mtambaapanya. Uingereza wamelitambua hilo: watoto wa chini ya miaka 12 huchezea lango la upana wa mita 4.88 na urefu wa mita 2.13, na wa chini ya miaka 14 huongezewa upana hadi mita 6.40 huku urefu ukibaki uleule. Sisi viwanja vyetu vina milingoti ya watu wazima, na mtoto wa miaka 13 anasimamishwa hapo kama baharia mdogo aliyepewa tanga la jahazi. Mpira wa juu unaoingia chini ya mtambaapanya ni bao la lango, si bao la kipa. Kama mna nafasi, fungeni kamba ya rangi kwenye milingoti usawa wa mita mbili na kidogo wakati wa mazoezi, ili mtoto ajifunze kudaka yanayodakika na mwili wake wa leo.

Sasa kuhusu mwili. Wavulana wengi huingia katika mwaka wao wa kurefuka kwa kasi karibu na miaka 13 au 14, lakini yupo anayeuanza akiwa na 12 na yupo anayeungoja mpaka 15 au 16. Wasichana hutangulia kwa kama miaka miwili. Katika mwaka huo mtoto anaweza kuongeza sentimita nane, tisa, hata kumi. Watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kusimama pamoja langoni, mmoja akiwa na mwili wa mtoto na mwingine na mwili wa kijana anayekaribia kuota ndevu, na sisi makocha tunasema huyu ana kipaji na yule hana. Ongeza na tatizo letu la vyeti vya umri visivyolingana na umri, na utaona kwamba mara nyingi tunachokipima ni tarehe ya kurefuka.

Huo mwaka wa kurefuka nao una mambo yake. Mtoto aliyekuwa akidaka vizuri ghafla anaanza kuutema mpira, anajikwaa, anachelewa kuinuka, analalamika maumivu chini kidogo ya kifuniko cha goti. Mikono imerefuka kabla ubongo haujazoea urefu wake mpya. Hajawa mvivu, na maumivu hayo ya goti hayaondolewi kwa kumwongezea miruko. Punguza miruko, na yakiendelea aonwe na daktari. Nimeona vijana wengi wakiachwa katika miezi hiyohiyo, na hilo linaniuma, kwa sababu ndiyo miezi ambayo mtoto anahitaji tu mtu wa kumwambia kwamba mikono yake itarudi.

Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo. Kulikuwa na kijana aliyekuwa akivuka feri kutoka Likoni kila Jumamosi kuja kwenye mchujo wetu. Alikuwa na miaka 14, mfupi kuliko wote, lakini alikuwa na tabia moja ambayo niliiona na sikuipa uzito: kila mpira ulipobadilisha upande, alisogea hatua mbili ndogo kabla hata mtu hajamkaribia kumpigia shuti. Siku ile hakuchupa hata mara moja, kwa kuwa mipira ilikuwa ikimkuta kifuani. Niliandika kwamba hakuonyesha kitu. Nikamchukua mrefu aliyechupa mara tano. Miaka mitatu baadaye timu moja ilikuja kucheza nasi, na langoni kwao alisimama kijana mrefu kunipita mimi, akisogea hatua zake mbili zilezile. Nilimtambua kwa miguu kabla sijamtambua kwa uso. Tangu siku hiyo, nikienda kuangalia kipa mdogo, dakika 20 za kwanza siuangalii mpira kabisa. Namwangalia yeye wakati mpira uko upande wa pili wa uwanja.

Hilo linanifikisha kwa kipa wako mrefu, na naomba nisieleweke kwamba namdharau. Urefu ni mali. Makipa wengi wa ligi kubwa za Ulaya siku hizi wana mita 1.85 na zaidi, na kocha anayesema kimo hakina maana hasemi kweli. Lakini kimo si kila kitu, kama wanavyojua wapenzi wa Yanga wanaomtazama Djigui Diarra wa Mali, ambaye si mrefu, au wanaomkumbuka Juma Kaseja wa Tanzania. Swali la kumuuliza huyu wa miaka 15 ni hili: anachupa kwa sababu mpira uko mbali, au anachupa kwa sababu alisimama mahali pabaya? Kipa aliyechelewa kusogea hulazimika kuruka, na mrukaji hushangiliwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na nimeona vijana ambao baada ya msimu mmoja wa makofi hawataki tena kusogea, wanaungoja mpira uwe mbali ili waruke. Kwa wapinzani wa miaka 15 atafaulu. Akikutana na washambuliaji wanaoweka mpira kwenye pembe kwa makusudi, urefu wake hautamwokoa. Huyo naye anakuhitaji wewe umfundishe sasa, kabla hajaharibiwa na sifa.

Nakupa zoezi moja linaloonyesha jambo hili kwa macho. Chukua kamba mbili ndefu, funga moja kwenye kila mlingoti, zikutanishe ncha kwenye mpira uliouweka mahali pa penalti, mita 11. Mwambie kijana asimame kwenye mstari wa goli katikati ya kamba, anyooshe mikono, aone pengo lilivyo kubwa kila upande. Kisha asogee mbele mita tatu. Upana kati ya kamba mahali aliposimama sasa ni mita 5.3 hivi, badala ya 7.32. Hakuruka, hakurefuka, lakini lango limepungua kwa mita mbili. Sogeza mpira pembeni, mwache atafute mwenyewe pa kusimama, na umkumbushe kwamba akitoka sana mpira wa kubetuliwa utampita juu, hasa kwa kimo chake. Watoto wanaliona hilo wenyewe bila hotuba. Yule mdogo wako, kama kweli anajua kusimama, atapata pale pa kusimama kabla hujamaliza kuiweka kamba.

Jambo la pili ni kuanguka. Viwanja vyetu vingi ni vigumu; kiangazi kikikolea, ardhi ni kama sakafu, na mtoto aliyechubuka nyonga mara mbili hujifunza kuogopa, kisha sisi tunasema ni mwoga. Hapa pwani hatuna sababu ya kulalamika, tuna mchanga. Wapeleke ufuoni maji yakikupwa, mtafute sehemu ya juu ambako mchanga ni tifutifu, waanze wakiwa wameketi, mpira ukirushwa ubavuni waangukie nje ya paja na bega, mikono ikitangulia kwenye mpira, wakizoea, wapige magoti, halafu wachuchumae, mwisho wasimame. Asiangukie kiwiko, asiangukie tumbo. Fanyeni hivyo mara mbili kwa wiki kwa wiki hizi tatu, mkipanga muda usigongane na madrasa, na wakirudi uwanjani mtaona tofauti.

Na upepo! Sijui kwa nini hatuwafundishi watoto wetu upepo, ilhali wazee wao waliusoma kwa kazi. Uwanja ulio karibu na bahari wakati wa kusi hauna krosi mbili zinazofanana: ya upande mmoja hurudishwa na upepo na kumwangukia kipa aliyekwisha kutoka, ya upande mwingine hubebwa hadi mlingoti wa pili. Kipa wako mdogo akikosa mpira wa namna hiyo mwezi wa Julai, muulize kwanza kama aliutazama upepo kabla ya kona kupigwa. Mimi huwaambia washike mchanga kidogo, waudondoshe, waone unaelekea wapi, kabla ya kila kipindi.

Sasa ombi la kuwa winga. Usilikatae na usilikubali moja kwa moja. Sikiliza linatoka wapi. Mtoto aliyefungwa mabao sita mbele ya wazazi wanaopiga kelele huenda haupendi uwinga, bali anakimbia aibu. Msubiri mjadiliane siku nyingine akiwa ametulia. Wakati huohuo, kumwacha acheze nje nusu ya kila mazoezi hakutamdhuru hata kidogo. Tangu mwaka 1992 sheria inamkataza kipa kushika kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, na tangu wakati huo kipa asiyejua kupiga pasi ni mzigo kwa timu yake. Gianluigi Buffon wa Italia alianza akiwa kiungo, akahamia langoni akiwa kijana mdogo baada ya kuvutiwa na Thomas N'Kono wa Kamerun katika Kombe la Dunia la 1990, kisha akaichezea Parma kwa mara ya kwanza katika ligi kuu mwaka 1995 akiwa na miaka 17. Miguu aliyoijenga akiwa kiungo haikupotea.

Lakini Buffon asikutie haraka, kwani kuanza na miaka 17 ni jambo la wachache sana. Nafasi hii hukomaa polepole. Édouard Mendy, baada ya kuachana na klabu ya daraja la chini Ufaransa mwaka 2014, alikaa mwaka mzima bila timu akiwa na umri wa miaka 22 hivi. Mwaka 2021 alitwaa Ligi ya Mabingwa akiwa na Chelsea, na mwanzoni mwa 2022 Kombe la Afrika akiwa na Senegal. Essam El-Hadary wa Misri aliokoa penalti katika Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45. Na hapa kwetu, wazee wanaomsimulia Mahmoud Abbas, kipa wa Harambee Stars waliyemwita Kenya One, wanasimulia mwanamume aliyekomaa. Hakuna anayesimulia alivyokuwa na miaka 13.

Kwa ligi inayoanza, ushauri wangu ni huu. Wagawie mechi wote wawili, na uwatangazie ratiba mapema, ili hakuna atakayeona ametolewa kwa sababu ya bao. Usimtoe kipa katikati ya mechi kwa kosa, ila akiumia. Mdogo mpe hata mechi ngumu, lakini mabeki wako uwaambie kazi yao kwenye mipira ya juu, kwa sababu mpira wa usawa wa mtambaapanya si wake peke yake. Weka daftari. Kila mechi andika kwa kila kipa mambo matatu tu: alikuwa mahali pake mara ngapi mpira ulipopigwa, alisema nini na mabeki wake, na alifanya nini na mpira wa kwanza uliomjia baada ya kufungwa. Hilo la tatu ndilo ninalolithamini kuliko yote. Yupo mtoto anayefungwa akatazama chini kwa dakika kumi, na yupo anayeutoa mpira wavuni, akaurusha katikati, akampanga beki wake wa kushoto kwa sauti ileile. Matokeo usiyaandike kwenye ukurasa huo. Yaandike kwingine kama unayahitaji. Mwishoni mwa ligi, soma ukurasa wa kila mmoja tangu mechi ya kwanza, umlinganishe na nafsi yake ya mwanzo kabla hujamlinganisha na mwenzake.

Kuhusu wazazi, waite dakika kumi kabla ya mazoezi ya kwanza, uwaonyeshe zile kamba mbili langoni, na umwombe baba mmoja asimame kwenye mstari wa goli apigiwe mashuti kumi na vijana wao. Mimi nimefanya hivyo mara kadhaa, na kelele zilipungua.

Na yule mdogo, usingoje mechi ijayo. Mtafute kesho mazoezini, akiwa peke yake, umtajie bao moja kati ya yale sita ambalo alikuwa amesimama pale hasa alipopaswa kusimama, umwonyeshe mahali penyewe uwanjani kwa kidole, umwambie kwamba wewe uliliona.